Waliandika Kwamba Sikuhudhuria

Barua ilinikuta Ruangwa, shambani kwa mjomba, tukipalilia ufuta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu miezi michache nyuma, na nilichokuwa nangoja ni cheti tu. Barua ilikuwa na mistari minne iliyopigwa kwa mashine. Ilisema nimefaulu karatasi zote za kuandika, ila mtihani wa kufundisha darasani sikuhudhuria, na kwa hiyo cheti hakitatolewa.

Niliisoma mara tatu. Mjomba, ambaye hakujua kusoma, alisimama akingoja. Yeye ndiye aliyenilea na kunipeleka shule, na kwetu neno la mjomba ndilo neno.

"Wanasemaje?"

"Wanasema sikwenda kwenye mtihani wa kufundisha."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda, mjomba."

Akaegemea mpini wa jembe. "Kama hukwenda, niambie mimi. Mtu hupatwa na mambo. Lakini niambie mimi kwanza, kabla sijasimama mbele za watu kukusemea."

Sikukasirika. Nilichanganyikiwa. Mtihani ule nilikuwa naukumbuka vizuri: shule moja nje kidogo ya Nachingwea, darasa la tatu, somo la sehemu. Nilikata muhogo mbele ya watoto, nusu, kisha robo, na mtoto mmoja akauliza kama robo yake anaweza kuila. Wakaguzi wawili walikaa nyuma, Mzungu mmoja na Mwafrika mmoja. Tulipotoka nje yule Mwafrika aliniambia, "Umefundisha vizuri, kijana." Sasa karatasi yenye mhuri inasema sikuwepo. Siku zile karatasi yenye mhuri ilikuwa kitu kikubwa, na baada ya siku mbili tatu nikajikuta napekua kumbukumbu zangu kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani.

Niliazima baiskeli nikaenda Nachingwea. Matrekta ya mradi wa Waingereza wa mashamba ya karanga yalikuwa yamepungua sana, mengine yamesimama porini yameota majani, lakini barabara walizochonga zilikuwa bado nzuri. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile shule. Mwalimu mkuu alinipokea, akanifungulia kitabu cha wageni. Siku ile ilikuwemo. Sahihi za wakaguzi zilikuwemo. Pameandikwa: wameona masomo manne. Ya nani, hapakuandikwa.

"Mimi nakukumbuka," akasema mwalimu mkuu. "Muhogo. Lakini kukumbuka kwangu hakuna mhuri." Kisha akaongeza, kama mtu anayenipa habari ya kunifariji, "Mwenzako wa Mkotokuyana, yule mliyefuatana naye kwenye orodha, amepata cheti. Kufundisha wamempa 'vizuri sana'. Ameshapangiwa shule."

Nilifurahi kwa nusu dakika. Halafu nikakumbuka kwamba wiki ya mtihani wa kufundisha mwenzangu huyo hakuwepo. Mama yake alikuwa amefariki. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsindikiza hadi barabarani apande lori.

Nilifika kwao Mkotokuyana alasiri. Tulisoma pamoja miaka yote ya chuo, tulilala vitanda vilivyokabiliana. Alinikaribisha kwenye mkeka, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za Ruangwa mpaka nikaona hana pa kukimbilia tena.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi wameandika sikuhudhuria."

Akasema polepole, "Mimi niliandika barua. Niliwaeleza msiba, nikaomba wanipe siku nyingine. Hawakunijibu. Cheti kilipokuja nikasema, labda wamenihurumia. Labda wamechukua alama za mazoezi."

"Na ile 'vizuri sana'?"

"Hiyo sikuielewa. Nikaogopa kuuliza." Akachora mstari mchangani kwa kidole. "Baba ameshasomesha maulidi. Watu wamekula, wameniombea dua. Nitawaambiaje?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini pale mkekani hayakutoka. Hakuniibia. Mimi pia sikuwa na kosa. Hata sasa sijui nilipaswa kumwonea nani hasira. Nilimwambia nitakwenda ofisi ya elimu keshokutwa na sitataja jina lake, nitasema yangu tu. Nilijua wakati nasema kwamba jambo hilo haliwezekani, maana mistari yetu kwenye orodha ilikuwa imeshikana.

Siku hiyo ilipofika, asubuhi nilimkuta kwenye baraza ya ofisi, ametangulia. Kanzu safi, cheti kimefungwa kwenye kitambaa.

"Baba anajua?" nikamuuliza.

"Anajua. Amesema twende."

Karani alitusikiliza wote wawili, kisha akavua miwani. "Huyu anasema alikuwepo, karatasi inasema hakuwepo. Huyu anasema hakuwepo, karatasi inasema alikuwepo, tena vizuri sana. Mnataka niamini nini?"

"Utuamini sisi, bwana," akasema mwenzangu. "Sisi ndio tuliokuwa huko."

Karani aliingia ndani kwa mkubwa wake, Mzungu aliyekijua Kiswahili cha ofisini. Tuliitwa. Mkubwa alikigeuzageuza kile cheti, akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Kwa nini mtu arudishe cheti chake? Nyinyi mmepatana nini?"

Mwenzangu akajibu tu kwamba siku ile alikuwa makaburini.

Baada ya wiki tatu uamuzi ulikuja: sote wawili tupimwe upya. Nilimuuliza karani kwa nini mimi nirudie, wakati kosa si langu. Akasema ndivyo ilivyoamuliwa ili isionekane kuna aliyependelewa. Kuhusu kosa lenyewe alidhani mwandishi wa orodha aliruka mstari. Alidhani tu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwa uhakika.

Nilifundisha tena somo la sehemu, shule nyingine, kwa wakaguzi wengine. Kila sentensi niliyosema niliisikia kama inasemwa na mtu mwingine anayejaribu kuthibitisha kwamba yupo. Matokeo: wastani. Mwenzangu naye alipata wastani. Tulipewa vyeti siku moja, yeye akaenda kwenye shule aliyokuwa amepangiwa, mimi nikapelekwa Ruangwa. Mjomba alichinja mbuzi, na mbele ya watu akasema kijana wake hajawahi kumdanganya.

Miaka ikapita, nikiwa mwalimu tayari, nilimwona yule mkaguzi Mwafrika sokoni Nachingwea akinunua korosho. Nikamwamkia, nikamweleza somo la muhogo. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza ilikuwa shule gani, akatikisa kichwa.

"Nimeona masomo mengi, mwalimu," akasema. "Lakini kama nilisema vizuri, basi lilikuwa vizuri."

Nilimshukuru, nikaondoka na baiskeli yangu nikiisukuma badala ya kuipanda, bila kujua kama nimejibiwa au la.