Kwa Saa za Zambia

Hadithi za mtu anayerudi nyuma kwenye wakati ziko za aina mbili, za kulia na za kucheka, na sisi wa Tunduma tumezoea za kucheka. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka mpaka, saa uliyokwisha kuitumia unapewa tena. Shemeji yangu alikuwa akichelewa kazini anasema yeye kafuata saa za upande wa pili, na tunacheka.

Mama aliugua ghafla kijijini kwetu Ruanda, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Tunduma, akafa kabla sijamwona. Nilichobakiwa nacho ni kumwona uso siku ya kumzika. Kuaga kulipangwa saa nne asubuhi.

Nyumba yangu iko jirani na mpaka. Simu ikidaka mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma yenyewe. Kila mtu hapa anajua, na kila mtu ana saa ya ukutani kwa sababu hiyo. Mimi asubuhi ile niliangalia simu. Saa mbili. Nikawavalisha watoto bila haraka, hata chai tukanywa.

Tulipopita Mpemba, mbali kidogo na mpaka, simu ikadaka mnara wa kwetu, ikajirekebisha. Saa nne kasoro dakika kumi. Niliitazama kama mjinga.

Nilikuta jeneza limepigwa misumari.

“Kaka, nifungulieni kidogo tu,” nilimwambia kaka yangu mkubwa.

“Mdogo wangu, tulikusubiri. Mchungaji ameshaomba. Halifunguliwi tena.”

Nilimchukia siku ile, na bado sijamaliza kumchukia, ingawa kosa ni langu.

Jioni, baada ya maziko, alikuja mtani wetu, mama mmoja wa makamo. Watani msibani wana ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuwacheka wafiwa, na hairuhusiwi kuwakasirikia. Habari ya simu na chai alikuwa ameshaipata kwa watoto wangu. Akajilaza kwenye mkeka, akajifunika kanga hadi kidevuni, akainua simu mbele ya macho.

“Jamani, msinizike bado,” alisema kwa sauti ya mgonjwa. “Kwa saa za Zambia mimi bado naumwa tu. Mwanangu yuko njiani, anakunywa chai.”

Watu walivunjika mbavu. Kaka alicheka mpaka akajifuta machozi.

Na mimi nilicheka. Tangu asubuhi nilikuwa sijamlilia mama hata chozi moja, na kitu cha kwanza kilichonitoka kwa ajili yake kilikuwa kicheko.