Nchi ya Baridi ya Mume Wangu

Mume wangu alinioa kwa nchi. Ng'ombe hakuwa nao, nyumba hakuwa nayo, alikuwa na nchi yake tu, kaibeba mdomoni. Baba yangu alipomuuliza pale kwetu Bigwa, chini ya mlima, "Kijana, kwenu wapi?" akasafisha koo mara mbili, hm-hm, kama anasukuma mlango uliokwama. "Mzee, kwetu mbali. Unaupanda huu mlima, unashuka upande wa pili, unavuka mto, halafu inaanza milima mingine ambayo kutoka hapa huioni."

Baba hakuwahi kushuka upande wa pili. Na mimi mpaka leo sijashuka. Tukaamini.

Mimi sikusoma. Haya nasema tu, mjukuu wangu wa kike anaandika, akikosea shauri yake. Lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja nimeishika. Pale Mwembesongo ninapouza mboga, wenzangu wananiomba niwaigizie wateja, na mume wangu ndiye ninayemuweza kuliko wote.

Basi hiyo nchi. Mvua yake inanyesha asubuhi tu, mchana inapumzika kama mtu. Maji ukiyaacha nje kwenye ndoo yanaota ngozi juu. Watu wanalala na mbuzi ndani kwa ajili ya joto. Hawapeani mkono, maana vidole ni baridi. Mtu anakuwekea kiganja shavuni, anakaa hivyo mpaka upate moto, ndiyo amekuamkia. Wanangu wote niliwafundisha kuamkia hivyo. Majirani walidhani tunapimana homa.

Na huko alikuwepo mama yake. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, nililelewa na shangazi mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Nilikuwa na hamu moja tu kwenye ndoa, nipate mama wa mtu nimwite mama. Nikimwambia mume wangu twende, anasema njia imekatwa na mvua. Nikimwambia basi aje yeye, anasema, "Hm-hm. Joto la Morogoro litamuua. Watu wa kwetu hawashuki." Mwenyewe alikuwa anakwenda mara mbili kwa mwaka. Anaondoka kavaa sweta, anarudi baada ya siku tatu na sweta lake, jasho linamtiririka, na karanga kwenye mfuko. Nikawaambia watoto, kuleni, karanga za baridi hizo.

Akanipa na mila. Mvua ya kwanza ikinyesha, mke anapika uji wa maziwa, anauweka nje bakuli likitazama mlima, mama mkwe anakunywa mvuke wake kutoka huko aliko. Niliuweka kila mwaka, na maneno yangu nayaongea pale: mama, nimejifungua salama; mama, mwanao anakohoa. Asubuhi bakuli tupu.

Huyu mjukuu aliitafuta hiyo nchi kwenye simu. "Bibi, haipo." Nikamwambia simu yako haina bando.

Mwaka jana nikiwa pale kwenye mboga zangu namuigiza mume wangu akiomba chai, "Hm-hm, mama, chai hii imeona sukari kwa mbali," wenzangu wakacheka. Mama mmoja mteja hakucheka. Akaniambia, "Dada, huyo unayemuigiza ni kaka yangu." Na kabla ya kusema alisafisha koo mara mbili.

"Kaka yako wa huko milimani?"

"Milima ipi? Sisi wa Kingolwira. Tumezaliwa pale karibu na stesheni."

"Na mama yenu?"

"Yupo. Kaka alikuja mwezi uliopita, tukampa karanga."

Aliomba mchicha, mimi nikamfungia nyanya.

Kutoka kwangu mpaka Kingolwira, ukiondoka chai iko jikoni, unafika haijapoa sana. Nikarudi nyumbani, mume wangu nikamkuta anaziba pancha ya baiskeli ya mtu. Nikamwambia yote. Hakuinua kichwa.

"Nilimuogopa baba yako. Angesema mtoto wa kibarua wa reli, kwa nini nimpe binti."

"Baba alishakufa. Baada ya hapo ukawa unamuogopa nani?"

"Ilikuwa imeshakuwa kubwa, mke wangu. Ningeitua wapi?"

"Na uji?"

Akabandika kiraka. Halafu akasema, "Ulikuwa mtamu."

Kesho yake nikaenda naye. Mimi na mvi zangu, bibi mwenye wajukuu, leo ndiyo nakwenda kumuamkia mama mkwe. Tulimkuta kakaa mlangoni, macho yanaona kidogo, mwili umekwisha, sauti nzima. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mkweo, mama. Mke wa mwanao huyu."

Akanishika mkono upesi, akaanza kunipapasa mabega. "Mwanangu, umeshukaje? Si alisema ninyi wa huko milimani joto hili linawaua? Kila mwaka namwambia mlete, ananiambia atakufa njiani. Huko kwenu baridi imepungua?"

Nikamtazama mume wangu. Kaangalia viatu vyake. Kumbe ile nchi, akiwa kwangu alikuwa anamlaza humo mama yake, akiwa kwa mama yake alikuwa ananilaza humo mimi, na wote wawili tulikuwa tunaoneana huruma kwa baridi.

Ningeweza kumjibu kwa mchezo, sauti ninazo. Ningesema imepungua mama, siku hizi tunalala bila mbuzi. Sikuweza.

"Mama, mimi ni wa Bigwa."

"Bigwa ipi?"

"Hii hapa. Chini ya mlima."

Mkono wangu hakuuachia. Mume wangu akasafisha koo, akainama avue viatu aingie.

"Mwambie akae huko huko nje," mama akaniambia mimi, kama vile mwanawe hasikii. "Na wewe ingia ndani, unieleze umezaa wangapi."