Mwalimu Asiyetaka Kitu

Nilifunga safari kwenda Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu rafiki yangu wa chuoni, mzaliwa wa huko, alinieleza kwamba wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanaukaribia mtihani bila mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimehitimu ualimu na sijapata ajira. Niliona ni wajibu wangu kuwafundisha bure.

Kibirizi, kwenye mwalo wa Kigoma, asubuhi, boti ilikuwa ikipakia. Nilimbebea mama mmoja gunia la unga. Akanifuata hadi majini akiwa amelishikilia upande wa pili.

“Kijana, unagombea udiwani?”

“Hapana, mama. Ninasaidia tu.”

“Tu?” Akawageukia wenzake. “Jamani, angalieni mizigo yenu!”

Mwamgongo, mchana, nilipokewa na Mama Nestori, mzazi wa rafiki yangu. Alasiri alinipeleka kwenye kikao cha wazazi. Nikatangaza kwamba sikutaka posho, chakula, wala shukrani.

Mvuvi mmoja mzee akauliza, “Hata nauli?”

“Hata nauli, mzee.”

“Basi huyu ni hatari,” akasema, akavaa kofia yake na kuondoka.

Kesho yake darasani tulikuwa wawili: mimi na ubao. Mtihani haukuwa ukinisubiri.

“Mwanangu,” Mama Nestori akaniambia, “mle watakaa mabinti wa watu. Ukisema hutaki kitu, kila mzazi anajiuliza unataka nini. Hebu niambie, unapenda nini?”

Nilifikiri sana, kisha nikakiri: migebuka ya kukaanga. Jioni hiyo akaieneza habari ufukweni, kwa wanawake waliokuwa wakianika dagaa.

Asubuhi iliyofuata darasa lilijaa wanafunzi, na meza yangu ilijaa samaki. Yule mzee alichungulia dirishani. “Kumbe ni mlafi tu! Tulikuogopa bure.”

Tangu hapo walinikaripia nilipochelewa na kuniamuru nirudie somo lisipoeleweka. Chuoni niliamini kwamba msaada safi ni ule usiopokea chochote. Mwamgongo nilijifunza kwamba anayekataa kila kitu huwanyima watu nafasi ya kumdai, na mtu asiyedaiwa ni vigumu kumwamini.

Siku ya kurudi, mtihani ukiwa umebakiza siku chache, nikiwa nimekwisha kupanda boti, mzee akaja mbio, samaki wawili aina ya kuhe wananing'inia mkononi.

“Mwalimu! Mjukuu wangu milinganyo bado haijamwingia. Ni mzito, ndiyo maana nimeleta wakubwa.”

Nikawatazama wale samaki. Nikateremsha begi langu.