Dada Alitaka Mkate

Kazi yangu huku Mbeya ni kufundisha mambo waliyoyaamini Wakristo wa karne za kwanza: kwamba Mungu alitwaa mwili wetu ili nasi tushiriki uhai wake. Somo hilo limenilea mpaka nikaota kitambi. Kuhusu kuungana kwenyewe na Mungu, siwazidi wanafunzi wangu wanaosinzia.

Dada yangu mkubwa alikuwa anakufa kwa saratani ya koo, kijijini kwetu Iringa, njia ya Idodi, nami nikaenda kumuuguza. Kanisa lilikuwa limemtenga tangu alipokwenda kuishi na mume wa mtu. Alitaka jambo moja: ale Chakula cha Bwana kabla koo halijaziba. Jumapili tukambeba kwenye kiti mpaka mbele ya washarika, akatubu kwa sauti ya kukwaruza, akapokelewa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkate haukuwepo. Kanisa letu dogo lina mwinjilisti tu, naye haruhusiwi kuibariki meza ya Bwana. Mchungaji huja kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa bado.

"Si umesoma, mdogo wangu," alisema tulipomrudisha kitandani. "Nibarikie wewe."

"Sina daraja la uchungaji, dada."

"Usomi wote ule, kipande cha mkate tu kinakushinda?"

Mwinjilisti, aliyekuwa akinywa chai nasi, alicheka kidogo. Nami nikacheka, kisha nikafanya ninachokiweza: nikahutubu. Nikamweleza dada kuwa kwa Wakristo wale wa kale, Mungu alikwisha kujifunga nasi siku alipozaliwa, mkate au pasipo mkate. Alinisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Wewe mwenyewe unayaamini?"

Nikasema ni mafundisho mazuri sana.

"Haya," akasema, akageukia ukutani.

Mchungaji alifika Alhamisi kwa pikipiki, suruali nzima vumbi. Kufikia hapo hata maji yalikuwa yanamrudi dada kooni. Alichovya kipande kama punje ya mtama kwenye divai, akakiweka ulimini mwa dada. Kikatoka na mate, kikaangukia blanketi. Akajaribu tena, kikatoka. Kilichobarikiwa hakitupwi. Mchungaji akakiokota, akakila mwenyewe, taratibu, macho chini. Dada aliachama, akakifuata kwa macho mpaka kilipoingia kinywani mwa mchungaji.

Nje, mchungaji akaniambia kwamba Mungu ameipokea nia ya dada. Nikamshukuru. Ni jibu ambalo kwenye mtihani wangu lingepata alama zote. Ndani, dada alikuwa bado ameachama.