Chupa za Maombi Ndani ya Tenki za Choo

Haya, leo nitawaambia, maana mmeniuliza mpaka nimechoka, na afadhali mlisikie kutoka kwa mdomo wangu kuliko kule sokoni ambako wameshaongeza chumvi mpaka ati mimi niliiba sadaka. Sikuiba sadaka! Nilichofanya ni kidogo kuliko hicho, ama labda ni kikubwa kuliko hicho, mtaamua wenyewe, lakini ukweli ni kwamba mimi Njeri, mtu mzima, mwenye mume na watoto na cheo, nilichukua maji ya watu yaliyoombewa nikayatia chooni, na si choo kimoja bana, ni mtaa mzima.

Kwa wasiojua, kazi yangu ni kusimamia mpango wa kuokoa maji hapa mjini Kitale. Natafuta mabomba yanayovuja, nafundisha watu wafunge mifereji, nagombana na wenye kuosha magari kwa mpira wa maji kuanzia asubuhi (mume wangu anasema hata usingizini naamka nikisikia mfereji wa jirani ukidondosha maji, na hasemi uongo). Sasa tulikuwa tumepata wazo moja tamu sana, wazo la chupa. Unachukua chupa kubwa ya soda, unaijaza maji ili isielee, unaifunga, unaizamisha ndani ya tenki ya choo. Basi! Tenki inajaa mapema, na kila ukiflashi, maji ya kutosha chupa hiyo yanabaki hayajaenda. Jamani, nilikuwa nimelipenda hilo jambo, nikiingia kwa nyumba ya mtu hata sijasalimia nishauliza choo kiko wapi.

Wakubwa wakatupa mtaa mmoja wa kujaribia, na wakaalika wageni kutoka Bungoma waje Jumatatu wajionee. Wakipendezwa, mpango unaendelea Kitale na unaanza Bungoma pia, na msimamizi wa kote ni mimi. Wasipopendezwa, mpango unafungwa, na mimi narudi kusoma mita nikifukuzwa na mbwa za watu kama zamani. Nikaapa kwamba Jumatatu ikifika hakuna choo mtaa ule kitakachokosa chupa.

Sasa nitoe chupa wapi zote hizo? Nikaomba nafasi kanisani kwetu Jumapili, nikasimama mbele nikatangaza kwa madaha: leteni chupa kubwa, zimejaa maji, zimefungwa vizuri, muweke kwa ukumbi wa nyuma, tutazichukua Jumamosi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajua kazi imeisha.

Jumamosi nikaenda na Barasa, fundi wetu wa mabomba, na pikapu ya ofisi. Tukafungua ukumbi. Wacha we! Chupa zilikuwa chache, hata ploti moja ya nyumba za kupanga hazingetosha, na mojawapo bado ilikuwa na soda nusu. Nikazunguka nikichungulia chungulia, nikasukuma mlango wa kanisa lenyewe, na hapo mbele, chini ya madhabahu, nikaona chupa! Chupa safi, zimejaa, zimefungwa, zimepangwa mistari kwa mistari mpaka kwa ngazi. Nikapiga kelele, "Barasa, kuja uone watu wa Mungu!"

Barasa akaja, akaziangalia, akakuna kichwa. "Madam, si tungoje Baba Musa arudi kwanza?" Baba Musa ndiye anayefagia kanisa na kuweka funguo, na alikuwa ameacha milango wazi akaenda kunywa chai.

"Baba Musa akienda chai unajua anarudi lini?" nikamwambia. "Niliwaambia walete, si wameleta? Pakia."

Hilo neno moja, "pakia", ndilo lilinimaliza. Na si ati sikupewa dalili. Chupa nyingi zilikuwa na karatasi imebandikwa, na karatasi ndani ya tenki ni shida, inalowa, inaachana, inaziba pale chini na choo kinaanza kuvuja, kwa hivyo tukakaa kwa pikapu mimi na Barasa tukibandua moja moja. Moja imeandikwa SELA, nikasema Mungu ambariki Sela. Moja imeandikwa KESI YA SHAMBA, nikafikiri ni mtu ametumia karatasi kuukuu. Nyingine imeandikwa MUME, nikacheka mpaka machozi, nikamwambia Barasa huyu mama ameamua kujaza chupa kwa niaba ya bwanake! (Nilicheka. Kumbukeni hapo kwamba nilicheka.) Kufikia jioni kila choo mtaa ule kilikuwa na chupa yake, na hata mzee Karanja, mwenye ploti mbishi ambaye wiki nzima alikuwa akisema nitamharibia tenki zake, alikubali shingo upande. Nililala kama mtoto.

Jumapili nikavaa tisheti ya mpango wetu, nikakaa mbele kabisa ili watu wanione. Ibada ikafika katikati, pasta akasema, "Sasa, wapendwa, yale maji tuliyoyaombea tukiwa tumefunga, kila mmoja aje achukue chupa yake." Watu wakasimama wakaenda mbele. Mbele hakuna kitu. Kumbe katikati ya wiki kulikuwa na siku ya kufunga na kuomba, na pasta aliwaambia walete maji yakae madhabahuni mpaka Jumapili, na mimi sikuwepo, mimi nilikuwa kwa vyoo vya watu nikipima tenki. Lakini hata hapo bado sikuwa nimeelewa, wenzangu, nilikuwa naangalia huku na huku nikitafuta mwizi kama wengine. Baba Musa akaapa kwamba yeye hajui. Pasta akakunja uso, akainua mkono: "Aliyechukua maji haya, asipate usingizi mpaka ayarudishe!"

"Amina!" kanisa likaitikia, na mimi nikaitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilijilaani mwenyewe, tena kwa sauti, tena nikiwa na tisheti ya ofisi.

Ndipo nikamsikia Mama Sela. Mama Sela ni mama wa kanisa, mpole, mtu wa kule Kiminini, na binti yake Sela ameolewa Bungoma miaka mingi bila mtoto, na sasa mimba ilikuwa imekubali na anangoja kujifungua siku yoyote. Alikuwa amesimama pale mbele mikono kichwani. "Ile yangu niliandika SELA juu yake! Nilifunga siku nzima juu ya hiyo maji! Kesho ndio ningempelekea!"

Nikaona ile karatasi, nikaiona vile niliibandua na kucha. Nikasimama, sijui nilisimama aje. "Pasta, hakuna mwizi. Chupa ziko salama."

"Ziko wapi, dada Njeri?"

"Ziko... tumeziweka mahali pazuri. Pa kuokoa maji."

"Mahali gani?"

Kabla sijatafuta neno, Barasa, ambaye alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akanisaidia. "Kwa choo," akasema.

Weeeh! Sijawahi kusikia kanisa likitoa sauti kama ile. Mama Sela akanigeukia, hakukasirika hata, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Njeli," akaniita, vile yeye hulitamka jina langu, "Njeli mtoto wangu, umeweka maji ya Sela kwa choo?" Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Huyu mama alikuwa amebeba tumaini lake lote kwa chupa moja, na mimi nikalizamisha kwa tenki ya mtu nisiyemjua.

Ibada ikaishia hapo. Kanisa lote likatoka, pasta mbele, mimi na Barasa nyuma yake kama washtakiwa, tukaenda mtaani kugonga milango. Na mnajua Jumapili watu wako nyumbani! Kijana mmoja akafungua mlango akiwa na kaptura akakuta umati. "Niaje, kuna nini?" Mama mmoja akamjibu, "Tumekuja kuchukua baraka zetu kwa choo yako." Nyumba nyingine mwenyewe alikuwa ndani ya choo na hataki kutoka, kina mama wakasimama nje ya mlango wakaanza pambio na makofi, wakaimba mpaka jamaa akatoka ameinamisha kichwa. Halafu habari ikatutangulia, na ikawa shida mpya, maana wapangaji waliposikia ni maji ya maombi wakaanza kukataa kuyaachilia, na mzee Karanja, yule yule mbishi, akasimama kwa geti na mikono kiunoni. "Haitoki hata moja! Nyinyi mlikuja wenyewe na hiyo kitu, mimi sikuwaita. Sasa imenibariki ploti mnataka kuitoa?" Pasta alibishana naye karibu mpaka giza ndipo akaziachilia.

Mwishowe chupa zikarudi zote kwa veranda ya kanisa, na ndio tukaona ujinga wangu umefika wapi. Zote zinafanana! Hakuna karatasi, hakuna jina. Watu wakaanza kuzifungua wakinusa, mmoja anasema hii ni yangu naijua, mwingine anamwambia wacha uongo, na wawili wakavutana mpaka maji yakamwagika, na mimi hata hapo roho ikaniuma maji yakimwagika, mnaona mimi ni mgonjwa. Mama Sela hakuvutana na mtu. Alikaa kwa ngazi akipanguza chupa moja moja na leso yake, akiziangalia tu. Nikakaa karibu naye nikamwomba msamaha, na nililia, sitawaficha. Akanipiga piga goti, akaendelea kupanguza.

Jumatatu asubuhi wageni wa Bungoma wakafika, wameongozwa na madam mmoja mrefu mwenye miwani, na bosi wangu akiwa na suti. Nyumba ya kwanza, tukafunua tenki. Maji matupu. Nyumba ya pili, maji matupu. Bosi akaniangalia kwa macho ambayo nilijua ni ya kunirudisha kwa mita. "Njeri, chupa ziko wapi?"

"Kanisani," nikasema.

"Kanisani zinafanya nini?"

Nikawapeleka. Waumini walikuwa wamerudi pale verandani wanabishana tena, Mama Sela na mkoba wake wa safari pembeni, hajui abebe chupa gani, na mimi mbele ya bosi, wageni na pasta nikasimulia kila kitu tangu "pakia". Madam wa Bungoma hakucheka. Nikajua nimeisha.

Hapo ndipo simu ya Mama Sela ikalia. Akaipokea, akasema "Ati?", akasimama. Halafu akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Moi's Bridge. "Amejifungua! Msichana! Wote wako salama! Amejifungua jana asubuhi, ni simu ya bwanake ilikuwa imezima!" Tukaruka, tukakumbatiana, mimi na wale wale waliotaka kunifukuza kanisani, hata bosi akajikuta amekumbatiwa na mama asiyemjua. Mama Sela akainua mkono tunyamaze. Alikuwa anafikiria.

"Jana asubuhi," akasema polepole, "maji yangu ilikuwa wapi?"

"Kwa choo," Barasa akasema.

"Basi irudi huko huko!"

Mungu wangu! Mngeona. Mwenye kesi ya shamba akanyakua chupa mbili, yule wa MUME akatoka mbio na viatu mkononi, kina mama wakashuka ngazi wakikimbilia mtaani, na mzee Karanja alikuwa ameshafungua geti wazi anaita, "Huku! Huku kuna tenki haina!" Dakika chache veranda ikawa tupu. Madam wa Bungoma akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nimefanya hii kazi miaka mingi," akamwambia bosi wangu, "sijaona watu wakikimbia kwenda kuokoa maji."

Mpango ukapita. Nami nikaapa, na kiapo hicho nakishika mpaka leo, kwamba sitabeba kitu cha mtu bila kumwuliza mwenyewe, hata kiwe kimewekwa mbele yangu na kimeandikwa jina langu.

Lakini aibu haikuishia Kitale, wenzangu, ilipanda gari ikanitangulia. Mkutano wetu wa kwanza Bungoma, uwanja umejaa, nimeeleza vizuri habari ya tenki na chupa, bosi amekaa kando yangu anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja akasimama na chupa yake mkononi. "Hii imeombewa na nani?"

Nikasema ukweli. Nikasema hapana, mama, hayo ni maji tu ya mfereji, hayajaombewa. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakainuka waende. Bosi akanikanyaga mguu. Yule mama akapita katikati ya watu mpaka mbele, akaniwekea chupa mikononi, akafunga macho, akasema, "Basi iombee wewe." Nikamtazama bosi, bosi akatazama chini, nikafunga macho nami nikaomba, kwa sauti, juu ya chupa ya kuwekwa chooni, na nilipofungua macho foleni nyuma yake ilikuwa imefika kwa geti.