Ubeti wa Pili

Fundi wa kompyuta wa pale mtaa wa Piasa alikuwa mchache wa maswali. Ukimpelekea mashine, kwanza huiwekea sikio, kisha hufuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kinachonukia kahawa, akinong'ona, "Haya, tuone." Wubalem alimpelekea yake mchana wa mvua. Kila siku ilipakua sasisho lote, ikazima, ikawaka, halafu ikagoma kulisakinisha.

"Diski imejaa pomoni, dada. Sasisho linafika, halina pa kukaa."

"Imejazwa na nini? Mimi nina picha za harusi ya dada yangu tu!"

Vidole vya fundi viligonga taratibu, vikasimama. Programu ya kurekodi sauti ilikuwa ikirekodi tangu Pasaka, ikijifungua upya kila mashine ilipowaka.

"Nifute?"

"Hebu nisikie kwanza."

Fundi akafungulia rekodi ya juzi. Mvua ilipiga bati, kisha Wubalem akajisikia mwenyewe akiimba, kahawa ikialika kikaangoni. Akacheka kwa aibu. Wimbo ulipokoma, mtu akakohoa karibu kabisa na mashine, akaendeleza ubeti wa pili kwa sauti ya chini, bila kukosea neno.

Fundi aliondoa mkono. "Nyumbani unakaa na nani?"

"Peke yangu."

 Fundi alihamishia sauti zote kwenye diski nyingine, na sasisho likaingia mpaka mwisho, laini kama maji. Wubalem akanyoosha mkono apokee mashine yake, lakini fundi alikuwa ameshavaa koti na kuteremsha mlango wa duka nusu.

"Dada yako wa harusi ile anakaa wapi?" aliuliza. "Nakupeleka huko."