Masanja Hayumo Daftarini

Nilipokuwa nikimuuguza kaka yangu katika hospitali moja mkoani Shinyanga, kila asubuhi nilimkuta mama mmoja wa Samuye kwenye dirisha la mapokezi, mkononi ana chupa ya uji.

"Namtafuta mwanangu Masanja. Kifusi kilimwangukia machimboni."

Karani alipitisha kidole daftarini. "Masanja hayumo, mama."

Siku ya nne muuguzi akamuuliza, "Hana jina la ubatizo?"

"Petro. Lakini nyumbani hatulitumii."

Karani akafungua ukurasa uleule, akainamisha kichwa. "Petro alikuwepo, mama. Alifariki jana."

Mama akaketi sakafuni. "Aliniulizia?"

"Kila siku," muuguzi akasema.

Nililiona daftari lenyewe, wasomaji wangu. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na halina kosa hata la herufi moja.